Jahazi Limetia Nanga Kiwangwa

Katika hoteli za ufukweni, kuanzia Lamu hadi Paje, meza ya mbao za jahazi bovu huuzwa kwa bei ambayo mwenye jahazi zima angeipokea bila kujadiliana. Kadiri ubao ulivyoliwa na jua, ukatobolewa na misumari na kubanduka rangi yake ya buluu, ndivyo bei inavyopanda. Mgeni anaupapasa, anafumba macho, anasema anaisikia bahari. Bahari yenyewe iko hatua chache nyuma yake. Asiisikie kwa nini?

Mimi sina pesa ya kuisikia bahari kwa gharama hiyo. Nina ekari mbili Kiwangwa, katikati ya Bagamoyo na Msata, ambako watu wenye akili timamu wanalima mananasi. Nami nilipanda mananasi, sikatai, lakini moyo ulikuwa kwingine: benchi chini ya mkorosho, geti zito la mbao, chanja la mapasheni la kupumzikia kivulini wageni wa Dar wakija. Na vyote viwe vya mbao chakavu, zilizofanya kazi nyingine kabla ya kunijia mimi. Mume wangu aliuliza kwa nini tusinunue mbao za msonobari kutoka Mafinga, ambazo angalau zimenyooka. Nikamjibu kwamba mbao mpya hazina historia. Akasema hajawahi kuona historia ikizuia mvua.

Fundi niliyempata ni Mkwere wa palepale, na mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Anayejua utani wa Wanyamwezi na watu wa Pwani ameshaelewa kwamba hapo hapakuwa na tajiri wala kibarua. Babu zetu walishuka na misafara hadi Bagamoyo karne ya 19, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani, na tangu hapo wenyeji wa njiani wamejipa ruhusa ya kutusema watakavyo. Fundi wangu aliitumia ruhusa hiyo kuanzia asubuhi. Alipopakua ubao wa kwanza kwenye gari alinitazama kwa huruma akasema, "Mtani, babu zako walipita hapa wamebeba pembe za ndovu. Wewe umerudi na kuni?"

Zilikuwa si kuni. Zilikuwa jahazi, au sehemu yake. Lilikuwa limepandishwa mchangani pale Bagamoyo na halikushuka tena. Mwenyewe alikuwa akiliuza vipandevipande, mbavu za mkoko kwa wachoma chokaa na mbao za mvule kwa yeyote mwenye tamaa. Tamaa nilikuwa nayo. Nilichokosa ni gari kubwa, kwa hiyo tulipakia kirikuu mpaka mbao zikatangulia mbele ya kioo na nyingine zikafuata nyuma kwa umbali wa kuhitaji kitambaa chekundu.

Kizuizini afisa alizunguka gari akauliza kibali cha mazao ya misitu kiko wapi. Nikamweleza kwa heshima kwamba haya si mazao ya misitu, ni mazao ya bahari. Jahazi hili limesafiri miaka mingi kabla yetu sote. Akafikiri. "Sawa, mama. Kama ni chombo cha majini, nipe leseni ya chombo na jina la nahodha." Dereva wa kirikuu, ambaye hakuwa ameulizwa, akanyoosha kidole akasema nahodha ni yeye. Ilibidi tuanze upya. Nilikuwa na risiti na barua ya serikali ya mtaa, na yule afisa alikuwa muungwana kuliko nilivyostahili, ila jua lilikuwa limeshazama na mbao hazisafirishwi usiku. Jahazi likatia nanga kizuizini hadi asubuhi. Nahodha akalala ndani yake, akanidai posho.

Nilikuwa na picha ya benchi kichwani: ubao mmoja mpana wa kukalia, mmoja wa kuegemea, miguu ya mbavu za mkoko. Nilichosahau kukitilia maanani ni umbo la jahazi. Ubao wa ubavuni umepinda kwa sababu ubavu umepinda. Fundi aliweka pimamaji juu yake, kiputo kikakimbilia pembeni kikajificha. Akageuza, kikakimbilia upande wa pili. Nikapendekeza tuweke mawe mazito juu ya ubao usiku kucha, unyooke. "Ubao huu umekaa hivi tangu hujazaliwa," akaniambia. "Mawe unayomwekea ni ya kumtisha?"

Halafu misumari. Jahazi hugongwa misumari mirefu ya chuma, na ikishakaa kwenye maji ya chumvi kichwa huliwa na kutu, kiwiliwili kikabaki kimezama ndani ambako jicho halifiki. Meno ya msumeno ndiyo hufika. Baada ya randa kupiga kelele moja mbaya sana na kutoa cheche, fundi alikwenda kwake akarudi na sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Akaitembeza juu ya mbao polepole, ameinamisha kichwa, na kila iliponasa akachora msalaba kwa mkaa. Alipomaliza, ubao ulikuwa na misalaba mingi kuliko makaburi ya misheni. Kazi ya kung'oa ilikula muda mrefu kuliko kazi ya kutengeneza, na kila msumari uliotoka uliingia kwenye kopo lake. Nilipouliza habari za kopo, alishangaa. "Mbao zako, misumari yangu. Tulishapatana." Sikumbuki tulipatana lini.

Benchi lilipokamilika lilikuwa zuri, na hilo nalisema bila aibu. Rangi ya buluu ilikuwa imebaki kwenye mikwaruzo, kingo zimelainika. Nikaita wageni.

Sasa, wanaojua vyombo vya baharini wanajua pia sifa: mafuta ya ini la papa, yaliyoachwa yaive kwa namna yake, ambayo mabaharia huzipaka mbao ili jua na wadudu wasizimalize. Jahazi letu lilipakwa sifa maisha yake yote. Asubuhi, kukiwa na umande, benchi lilinukia mbao. Ilipofika saa sita, jua la Kiwangwa likaanza kuyaita mafuta yatoke yalikolala. Wageni wangu ni watu wa adabu. Mmoja aliinua mguu taratibu akakagua soli ya kiatu. Mwenzake akasogea mbali na mumewe. Na kwa kuwa ubao umepinda, kila aliyesogea aliteleza akarudi katikati, hivyo baada ya robo saa wote wanne walikuwa wamebanana palepale, wakitabasamu, kila mmoja akimshuku jirani.

Kisha wakaja paka. Sikujua kwamba kitongoji kina paka wengi kiasi kile. Walitoka kwenye mananasi, wakatoka nyuma ya choo, wakakaa mbele ya benchi wakiwatazama wageni kwa matumaini. Nilisugua ule ubao kwa sabuni ya mche, kwa majivu, kwa ndimu. Ndimu ilikuwa wazo baya. Jioni ile paka waliongezeka. Mume wangu alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akasema kwamba hatimaye naye ameanza kuinusa ile historia.

Geti sitalisimulia sana. Mbao zake ni zile nene, na nguzo ikashindwa kuzibeba ikainama kuelekea barabarani kana kwamba inamsubiri mtu. Masika mbao huvimba na geti halifunguki. Kiangazi husinyaa na mbuzi hupita bila kubisha hodi. Ili lisiliwe na mchwa tulilipaka oili chafu ya gari, kama wafanyavyo watu wote, na kitu ambacho watu wote hawakisemi ni kwamba oili ya injini haikauki kama rangi, inakaa tu ikisubiri. Siku ya Idi mwenyekiti wa kitongoji alipita kutusalimu, amevaa kanzu mpya, akaegemea geti huku akitupa nasaha ndefu kuhusu ujirani mwema. Aliondoka na ramani ya geti lote mgongoni, mabawaba yakiwemo. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Alizunguka nayo nyumba zote, na kila alikofika walijua ametokea kwangu.

Kwa ngazi za kuteremkia bondeni nilitaka mataruma ya reli, maana nilikuwa nimeona picha za bustani za Uingereza ambako watu huyalaza kwenye udongo wakapanda maua kandokando. Fundi akaniuliza kama nimewahi kupanda treni ya kwetu nikatazama chini. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ililazwa juu ya mataruma ya chuma, na sababu kubwa ni mchwa. Nimesafiri kwenye reli hiyo tangu utotoni, kwenda na kurudi Tabora, na jambo hili nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa Mkwere asiyependa treni. "Mjerumani mwenyewe alinyoosha mikono," akasema. "Na ukikutwa na chuma cha reli kwako, mtani, sisi hatukujui."

Onyo lilikuwa wazi, nami nikajenga chanja la mapasheni kwa mbao za paleti.

Paleti zinazovuka mipaka hupigwa mhuri wenye alama ya suke la ngano. Zenye herufi MB zilifukizwa kwa gesi ya sumu, na mtu mwenye watoto asizichukue. Zenye HT zilipashwa moto hadi kiini cha ubao kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30, ili mdudu yeyote aliyemo afe. Nilichagua za HT peke yake, nikamweleza fundi kwa fahari kwamba mbao hizi zimepikwa. Akausoma ule mhuri, akaugeuza, akautazama tena. "Wamewaua waliokuwemo," akasema. "Wa hapa Kiwangwa nani kawapa taarifa?"

Mchwa walianzia chini, kimyakimya, wakajenga vijia vyao vya udongo ndani ya nguzo ili nje ibaki inapendeza. Pasheni zikapanda, zikatambaa, zikazaa. Katikati ya masika nilishika nguzo moja kujiinua, nikabaki na mhuri wa HT mkononi. Nguzo nyingine zilikuwa zimekwisha zamani. Chanja lilikuwa likishikiliwa na mapasheni.

Katika kupita huku na huko kutafuta nguzo za kuziba pengo ndipo nilipoanza kukutana na mbao zangu. Rundo la mabaki nyuma ya nyumba lilikuwa limepungua, nami nikadhani ni kuni za mlinzi. Kumbe ubao mmoja wa mvule, ule niliosema hauna faida kwa sababu umepasuka, umelazwa juu ya mtaro na watoto wanauvuka kwenda shule. Mbavu mbili za mkoko zimesimamisha banda la kuku la bibi jirani, tena zimesimama wima. Vipande vya paleti vimekuwa mlango wa choo, mhuri umeelekezwa nje, safi kabisa. Hata magoli ya watoto yalinitazama kwa macho ninayoyajua. Nilipomwamkia bibi na kumuuliza kwa upole, hakubabaika hata kidogo. "Marahaba, mwanangu. Tuliona umevitupa. Kitu kikikaa mvua mbili bila kazi, si kimetupwa?"

Nilitaka kumwambia habari za hoteli, za meza na bei yake, lakini nikaona nitajiaibisha. Mlango wa nyumba yake ulitoka kwenye nyumba ya babaye, ukapunguzwa chini ulipooza, ukageuzwa juu chini. Dirisha lilikuwa la kanisa. Kigoda nilichokalia kilikuwa na mguu wa mbuzi ya nazi. Hakuna aliyemwita mtu wa gazeti kuja kupiga picha, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna kilichoyumba.

Benchi nalo liliondoka kwa heshima zote. Waliliazima kwa ajili ya msiba, na msibani hukatai. Kutoka msibani likapita arusini, kutoka arusini likafika kijiwe cha bao chini ya mwembe, na huko likakwama. Wazee wameligundulia matumizi ambayo mimi sikuyaona: bao linawekwa pale katikati ubao ulipobonyea, na wachezaji wawili, hata wakikaa mbali namna gani, wanateleza taratibu hadi kwenye mashimo yao. Harufu wanadai inafukuza mbu. Paka wameshahamia huko.

Nilikwenda kudai haki yangu Jumamosi moja. Nikapokewa vizuri sana, nikapewa kahawa na kashata, nikapewa pia gunia la kukalia chini, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa. Fundi wangu alikuwa mmoja wa waliokaa, kopo la misumari miguuni pake. Alikuwa akiiuza rejareja. Nilipouliza ni lini ninaweza kukalia benchi langu, walishauriana wakanijibu kwa pamoja: Ijumaa mchana, wao wakiwa msikitini.