Usiende Maskati Julai: Mwongozo kwa Wanaovutwa na Tiketi Rahisi

Kila mwaka, masika yakishakatika na kipupwe kuanza kuingia pwani kwetu, matangazo ya tiketi rahisi za kwenda Maskati huzagaa kwenye simu za watu. Hoteli ambayo Januari haishikiki, Julai inakubembeleza uje, tena na kifungua kinywa cha bure juu yake. Anayeuza anajua anachouza. Mnunuzi ndiye asiyejua anachonunua, na mwongozo huu ni wake: yule anayenunua kwanza akauliza baadaye, na akiulizwa yeye hujibu kwamba jua ni jua tu, kwao Tanga pia lipo.

Ndugu yangu wa Tanga, jua la kwenu nalijua na naliheshimu. Lakini Februari ya Tanga, pamoja na jasho lake lote, huishia kwenye nyuzi thelathini na kitu, na magharibi ikiingia unatoa mkeka barazani. Maskati mwezi wa Juni na Julai, nyuzi 40 mchana ni jambo la kawaida lisilomshangaza mtu, na jua likizama hakuna anayetoa mkeka. Usiku ndio unaotofautisha miji hii miwili. Tarehe 26 Juni 2018, Quriyat, mji wa wavuvi ulio pwani kusini-mashariki ya Maskati, ulimaliza siku nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Soma tena hapo. Hicho si kilele cha adhuhuri, ni kiwango cha chini kabisa cha siku ile, saa ambayo watu wanatarajia kupoa. Ikawa rekodi ya dunia. Sasa niambie tiketi ilipunguzwa shilingi ngapi.

Sababu zake hazina siri. Mji wa kale wa Maskati, na Matrah pembeni yake, imebanwa kati ya bahari na milima ya mawe meusi. Mawe yale hunywa jua mchana kutwa, yakalitema usiku kucha. Bahari nayo, ambayo mtu wa Unguja anaitegemea impoze, majira hayo maji yake yenyewe yamepita nyuzi 30, kwa hiyo upepo wake unaleta unyevu mtupu. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka haliupozi mwili. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka jangwani, ule wanaouita gharbi, unyevu unapungua ila joto linazidi kupanda. Huna pa kukimbilia. Abdul Razzaq wa Samarkand, mjumbe aliyepita huko mwaka 1442 akielekea India, aliandika habari za joto la Maskati kwa maneno ambayo msomaji angedhani ametia chumvi: panga linayeyuka kwenye ala yake, swala wanachomeka wenyewe nyikani. Aliyewahi kushuka ndege pale Julai saa nane mchana hamtilii shaka sana.

Ikiwa bado unabisha, chukua mambo madogo ya siku moja. Unatoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukiwa umevaa miwani: vioo vinafunga ukungu papo hapo, unasimama mlangoni mwa soko la Matrah kama kipofu. Unashika usukani wa gari lililoegeshwa juani, unaachia. Kifungo cha chuma cha mkanda kinakuachia alama. Unaingia kuoga, unafungua bomba la maji baridi, yanatoka ya moto, kwa sababu tangi limekaa juu ya paa na limepikwa tangu asubuhi. Wenyeji wana ufumbuzi wake, na huu uushike hata kama mengine yote utayapuuza: wakati wa joto huzima umeme wa hita ya bafuni, na maji yaliyotulia ndani ya hita, kwa kuwa yamo kivulini ndani ya nyumba, ndiyo yanayokuwa ya baridi. Unafungua bomba la moto ili upate maji ya kupoa. Mji unaokulazimisha kuoga kinyumenyume umeshakueleza kwamba hukuja wakati wake.

Halafu wenyeji hawapo. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana wengi wa wasomaji wetu hawaendi Maskati kutazama majengo. Wanaenda kwa shangazi, kwa binamu, kwa ukoo uliotawanyika pande mbili za bahari. Shule za Oman zikifunga kwa likizo ya joto, watu wenye uwezo hufunga nyumba. Wengine huenda Salalah, wengine milimani, na wengi wenye damu ya Unguja na Pemba huja kwetu kula kipupwe. Basi unapigania tiketi rahisi, unafika Maskati na mzigo wa karafuu na achari, unapiga simu, na shangazi anapokelea Forodhani akiwa na sahani ya urojo mbele yake. Tiketi ilikuwa rahisi kwa sababu kila mwenye akili alikuwa anasafiri upande wa pili.

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa haya. Majahazi ya Sur na Maskati yaliteremka Afrika Mashariki na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka, na yakarudi na kusi. Kusi ilipochacha, Juni na Julai, nahodha mwenye busara alikaa bandarini. Hakuna aliyemuuliza bei. Upepo ndio uliokuwa ukipanga safari. Ndege imetupa uhuru wa kuruka siku yoyote, na uhuru huo tumeutumia kujipeleka jikoni moto ukiwa umekolea.

Nenda basi kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Machi. Januari mchana huzunguka nyuzi 25, usiku hushuka chini ya 20, na mtu wa Dar es Salaam atatafuta koti. Ndipo mji unapofunguka. Unatembea pwani ya Matrah kwa miguu kutoka soko la samaki hadi sokoni kwenyewe bila kuhesabu kivuli kwa kivuli. Unaingia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, na marumaru ya uani haikuchomi nyayo. Jioni mishkaki inachomwa kando ya barabara, na watu wanakaa nje wanakula, wanaongea, na usishangae ukisikia meza ya pili wanabishana kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko chako. Ijumaa alfajiri panda Nizwa ukaone mnada wa mbuzi: wanazungushwa duarani, wanunuzi wamekaa katikati na pembeni, bei inapigiwa kelele hadi jua litakapokuwa kali. Halwa inunue hapo hapo, ikiwa bado na joto.

Milimani chukua sweta, na sisemi ya kupambia picha. Jebel Shams na Jebel Akhdar usiku wa Januari maji huweza kuganda. Kwenda Jebel Akhdar polisi wanakusimamisha chini ya mlima, na gari lisilo la magurudumu manne ya kuvuta halipiti. Wasafiri hubishana nao kila mara. Usibishane, teremko la kurudi limemaliza breki za watu wengi.

Majira haya mazuri yana mambo mawili ya kuangalia, na matangazo hayayataji. La kwanza ni Ramadhani. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, na miaka hii imeingia kabisa ndani ya majira ya baridi: mwaka 2025 ilianza Machi mosi, na mwaka 2030 itakuja mara mbili, Januari na tena Desemba. Ukiwa Mwislamu, kufunga Maskati wakati wa baridi ni neema, siku ni fupi na futari zao zitakurudisha nyumbani mnene. Usipokuwa Mwislamu, jua kwamba mchana mikahawa mingi imefungwa na kula au kunywa hadharani hairuhusiwi. Fungua kalenda kabla hujafungua pochi.

La pili ni mvua, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Maskati hupata mvua kidogo sana kwa mwaka, kama milimita 100, yaani masika ya Unguja huweza kuimwaga yote kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana mgeni haiogopi. Lakini ikinyesha milimani, maji yanateremka kwenye mabonde makavu, zile wadi, na yanakukuta wewe uko juani unapiga picha chini ya mbingu ya buluu. Katikati ya Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu kadhaa Oman, wakiwamo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari. Ukiona maji yanakatisha barabara, simama. Kuvuka wadi iliyofurika ni kosa la jinai kule, na sheria hiyo imeandikwa kwa sababu ya makaburi.

Aprili yenyewe ni mwezi wa kubahatisha unaostahili kubahatishwa, kwa sababu moja tu: mawaridi ya Jebel Akhdar. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mapema Mei vijiji vya juu huchuma maua alfajiri na kuyachemsha kwenye tanuri za udongo kupata marashi, yale yale yanayonyunyizwa kwenye harusi na maulidi kwetu. Chini mjini joto limeshaanza, kule juu bado ni asubuhi ya kuvaa shali. Oktoba sina la kuisifia. Joto halijaondoka, na msimu wa vimbunga umeanza tena. Kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya kaskazini-magharibi ya Maskati mwanzoni mwa Oktoba 2021 na kuacha nyumba zimejaa tope.

Na kama likizo yako ni Julai tu, na bosi hasikii? Basi nenda Oman, ila usiende Maskati. Nenda Salalah. Kusi ile ile inayotupoza sisi ndiyo inayovuka bahari ya Arabuni ikapiga pwani ya Dhofar, iliko Salalah, ikavuta maji baridi kutoka chini na kutandaza ukungu juu ya milima. Kuanzia takriban Juni 21 hadi Septemba 21 kuna manyunyu, nyasi zinaota mpaka kwenye mawe, ngamia wanalala barabarani katikati ya ukungu, na joto linabaki kwenye nyuzi ishirini na kitu. Ukitoka Maskati kwa barabara unakata jangwa kilomita 1,000 hivi. Ukifika mji wa Thumrait bado unaungua, kisha unateremka mlima na ndani ya dakika chache unawasha waipa. Nusu ya Ghuba itakuwa imekutangulia, kwa hiyo bei za hoteli huko hupanda wakati za Maskati zinashuka. Hilo peke yake lingetosha kumfundisha mnunuzi wa tiketi rahisi. Ukiweza, subiri mwanzo wa Septemba: umati umepungua na kijani bado kipo.

Wapo ambao Julai ya Maskati haina njia ya kuikwepa: msiba, harusi, matibabu, mkataba wa kazi. Kwao maneno yangu ni mafupi. Geuza siku. Toka baada ya sala ya alfajiri, rudi ndani kabla ya saa tatu asubuhi, lala mchana, tembea usiku. Kunywa maji kabla hujasikia kiu na beba shali, maana madukani kiyoyozi kitakutetemesha. Kula tende mbichi kwa wingi, kwani joto hilo ndilo linaloziivisha na hutazipata hivyo Januari.

Na utakapopita kwenye gari lenye kiyoyozi utawaona watu juani wakijenga barabara. Sheria inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Saa nyingine zote za siku ni zao. Hawakuchagua majira, na miongoni mwa wanaohudumu kwenye nyumba za mji ule wamo dada zetu kutoka Tanzania, Kenya na Uganda ambao nao hawakuchagua. Nunua katoni ya maji baridi, iweke kiti cha nyuma, na ukikuta kundi limejibanza chini ya kivuli cha daraja, simama uwape.