Wikendi za Beijing kwa Kipimo cha Burma

Kijana wa Shauri Moyo, Nairobi, akipata skolashipu ya China, mama atamwombea, shangazi atamwagiza simu, na vijana wa maskani watamwambia asisahau mtaa. Masomo yenyewe hayatamhusu mtu. Akirudi likizo ataketishwa kwenye soko la nyama la Burma mbele ya ubao wa nyama na kachumbari, aulizwe swali moja tu: wikendi ulikuwa ukienda wapi?

Basi wewe unayefunga mizigo, hii hapa orodha ya Beijing, kutoka ya nane hadi ya kwanza. Kipimo ni kimoja: stori itadumu muda gani kabla mtu hajarudisha mazungumzo kwa soka la Gor na Ingwe?

8. Mji Uliokatazwa

Lazima uende, kwa hivyo tumalizane nao mapema. Ni kasri la wafalme, lilianza kujengwa 1406 likakamilika 1420. Tiketi hukatwa mapema kwa pasipoti, na Jumatatu kwa kawaida hufungwa. Vyumba ni vingi, watu ni wengi zaidi, na viti vyote vya kukalia ni vya mfalme.

Kinachoiokoa stori hii ni twiga. Mfalme Yongle, aliyelijenga kasri hilo, ndiye aliyeletewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, makao ya utawala yakiwa bado Nanjing. Twiga yule alipewa usafiri, malazi na chakula, bila kudaiwa ada. Kwa hesabu zangu huyo ndiye wa kwanza kutoka pwani yetu kupata skolashipu kamili ya China. Na hakurudi nyumbani, kwa hivyo tabia hiyo haikuanza na kaka zetu.

7. Akina mama wa viwanjani

Jioni ikiingia, kila penye sakafu pana utawakuta akina mama wa umri wa nyanya yako wamejipanga safu, spika iko chini, wanacheza dansi. Ni bure. Simama safu ya nyuma uige. Ukikosea hatua hakuna atakayekucheka. Watakurekodi tu.

6. Soko la Xiushui

Panda treni ya laini ya 1, shuka Yonganli. Soko liko ndani ya jengo la ghorofa, lina mashati, mikoba, hariri na saa ambazo hupaswi kuziuliza zilizaliwa wapi. Muuzaji anakupa kikokotoo, anaandika bei, unaifuta, unaandika yako. Anashika kifua. Unaondoka. Anakuita. Aliyefunzwa na soko la Gikomba hahitaji kufunzwa na Xiushui: taja bei ya aibu, kisha tazama mlango.

Wakati wa kulipa utaonyeshwa, kwa majivuno kiasi, jinsi watu wanavyolipa kwa simu. Tulia. M-Pesa ilianza 2007.

Lakini Burma stori hii haifiki mbali. Koti utakalorudi nalo kwa mbwembwe, kuna jamaa ameketi meza ya pili amevaa lilelile, na lake alilitoa kwenye bunda la mitumba.

5. Sanlitun

Baa za bei ya balozi, katika mtaa wa balozi. Ubalozi wa Kenya nao uko hapohapo Sanlitun, kwa hivyo ukipoteza pasipoti usiku wa Jumamosi, faida ni kwamba Jumatatu unafika kwa miguu.

4. Wudaokou

Hapa ndipo maisha ya mwanafunzi yalipo. Ni kituo cha laini ya 13, jirani ya Chuo Kikuu cha Tsinghua na Chuo Kikuu cha Lugha na Utamaduni cha Beijing, na Ijumaa usiku utasikia Kikorea, Kirusi, Kiarabu na Kiswahili kwenye foleni moja. Kuna bia ya Tsingtao, kuna mishkaki ya kondoo iliyopakwa bizari nyembamba na pilipili, na kuna vyumba vya karaoke vinavyokodishwa kwa saa. Mwimbie nani? Wenzako tu, mlango umefungwa. Ni uvumbuzi wa huruma, na ungefaa sana harusi za kwetu.

Maangalizo mawili. Treni za mwisho huondoka karibu saa tano usiku, na mabweni mengine nayo hufunga mlango mida hiyohiyo, kwa hivyo utachagua: kurudi mapema, au kukesha hadi alfajiri. Wapenzi wa soka hukesha kwa lazima. Beijing iko mbele ya Nairobi kwa saa tano, na mechi ya Ligi ya Mabingwa inayochezwa saa tano usiku hapa kwetu, kule ni saa kumi alfajiri. Arsenal ikifungwa muda huo, usingizi umepotea na mkate pia.

3. Niujie

Mtaa wa Waislamu wa Beijing. Msikiti wake ulianzishwa mwaka 996, na mtu aliyezoea misikiti ya Pumwani atapita nje akitafuta mnara, kwa sababu paa zake zimekunjwa pembe kwa mtindo wa Kichina kabisa. Ukishatazama kwa adabu, fuata foleni ya watu nje: iko kwenye nyama ya ng'ombe. Mlaji wa Burma hahitaji ramani.

2. Ukuta Mkuu, upande wa Mutianyu

Usikubali kupelekwa Badaling siku ya sikukuu, utaona visogo. Nenda Mutianyu. Unapanda kwa gari la kamba au kwa magoti yako, unatembea kutoka mnara hadi mnara, kisha unashuka kwa kigari kidogo kinachoteleza kwenye mfereji wa chuma, breki ikiwa mkononi mwako na Mchina mbele yako akienda pole kwa makusudi. Shemeji yetu Michelle Obama alishuka kwa kigari hicho Machi 2014. Ikiwa mke wa mtu wa Kogelo aliweza, wewe wa Shauri Moyo utasema nini?

1. Kiota cha Ndege

Ndiyo, uwanja wa michezo. Wenzako darasani watashangaa, kwao ni chuma kilichosukwa tu. Waache.

Humu ndimo Samuel Wanjiru alimoingia tarehe 24 Agosti 2008 akiwa peke yake mbele, akamaliza marathoni kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya katika mbio hizo. Humu Pamela Jelimo aliwaacha wenzake kwenye mita 800. Mwaka 2015 tukarudi kwa mashindano ya dunia, na Kenya ikaongoza jedwali la medali kwa dhahabu 7. Nicholas Bett alishinda mita 400 kuruka viunzi, na watu wakauliza kama ramani ya Kenya imebadilika. Kisha Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama YouTube, akaurusha mita 92.72 katika nchi ambako YouTube imefungwa.

Hiyo simulia polepole, nyama ikikatwa. Laini ya 8, shuka Bustani ya Olimpiki, na ubebe bendera.