Kiuno Kikishika: Mwongozo wa Mwenye Haraka

Huwezi kutibu usichokuwa nacho, kwa hiyo anza na ugonjwa wenyewe. Shuka tambarare alfajiri, kata majani ya ng'ombe, jitwike, upande nayo hadi Kibosho. Mpagazi wa Mlima Kilimanjaro hupimiwa mzigo getini usizidi kilo 20. Mama wa majani hana wa kumpimia, basi ongeza tita. Ukiinama kulitua, kiuno kitashika.

Hospitali usiende, daktari ana maswali mengi. Ingia duka la dawa, sema kwa kujiamini: "Nipe vile vya kulegeza misuli." Ukipewa klozoksazoni iliyochanganywa na parasetamoli, usisome pakiti, meza na parasetamoli nyingine juu yake, ini si ni lako? Jirani akiwa na diazepamu zilizobaki za marehemu mumewe, bora zaidi: hizo hazina hata pakiti ya kusoma.

Usijiulize kidonge kinaijuaje njia ya kiunoni. Hakiijui. Dawa nyingi za aina hii haziugusi msuli wenyewe. Hufanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, ndiyo maana kope hulegea kabla ya kiuno. Mwaka 2021 jarida la tiba la BMJ lilichapisha mapitio yaliyojumlisha takwimu za majaribio 31. Dawa zisizo za ukoo wa diazepamu, katika wiki mbili za mwanzo, zilipunguza maumivu kwa alama zisizofika 8 kati ya 100, tena kwa ushahidi dhaifu, na kizunguzungu juu. Diazepamu nayo ilijaribiwa New York pamoja na naproksini, na majibu ya 2017 yakaonyesha haikukishinda kidonge bandia.

Jioni shushia kata ya mbege. Pombe na diazepamu hushirikiana kuliko chama chochote cha ushirika wa kahawa: zikikutana huweza kuzima pumzi. Ukiamka, panda bodaboda uendeshe mwenyewe.

Kisha lala wiki nzima. Kutembeatembea kungekusaidia, lakini nani atakupa pole? Maumivu mengi ya ghafla hupoa yenyewe ndani ya wiki chache; sifa mpe kidonge.

Ila ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, miguu ikikosa nguvu, au mkojo ukigoma au ukajitokea, utani basi: hospitali ya KCMC au Mawenzi, leo hii. Na mgongo unaouma miezi, ukiwa na homa na kukonda, upelekwe ukapimwe kifua kikuu, maana nacho huingia kwenye pingili za mgongo, na dawa zake ni bure.