Shauku Isiyozimika

"Kijana," mzee aliyekaa katikati aliniambia, miwani ikiwa imeshuka mpaka ncha ya pua, "hii shauku yako ya udhibiti wa orodha za bidhaa ilianza lini hasa?"

Ilikuwa juzi Jumanne, saa nne na ushei asubuhi, kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali kando ya Barabara ya Nyerere. Leo Alhamisi masikio bado yananiwaka. Afadhali lingekuwa swali la mtego! Mzee alitaka kujua kwa dhati. Alikuwa ametunza stoo za vifaa vya ujenzi tangu sijazaliwa, na usoni ilionekana hajawahi kukutana na mtu ambaye kuhesabu misumari kunampandisha shauku, tena "isiyozimika", kama nilivyoandika, au tuseme kama ilivyoandikwa, kwenye aya ya pili ya barua yangu.

Nikajibu kwamba ilianza taratibu.

"Kama homa," akasema mzee.

Mama wa rasilimali watu hakucheka. Alifungua jalada, akatandaza mezani barua nyingine tatu kando ya yangu, akazigonga kwa kalamu moja baada ya nyingine. Shauku isiyozimika. Shauku isiyozimika. Ya tatu ilisema shauku isiyo na kikomo. Huyo angalau alijitahidi. Tulikuwa tumeshona sare moja, waombaji wanne tusiojuana, bila hata kuchangia harusi. Na zote nne zilianza kwa "Natumaini barua hii inakukuta vyema."

"Ilinikuta na malaria," akasema mzee. "Siku tatu nimelala."

Nikampa pole. Nilidhani tumefika chini kabisa. Kumbe kijana wa pembeni, yule mwenye kompyuta, alikuwa bado hajaongea.

"Hapa unasema ulipunguza upotevu wa bidhaa kwa asilimia 37. Ulipimaje?"

Sijawahi kupima upotevu wowote. Kwenye duka la mjomba, vilivyopotea vilijulikana kwa majina: brashi mbili za rangi, kufuli moja, na soda nilizokuwa nikichukua mimi na kuandika kwenye leja "italipwa kesho". Kama upotevu ulishuka, basi ni friji iliyoharibika. Ningelisemaje hilo mbele ya jopo?

"Kwa kulinganisha," nikasema.

"Na nini?"

"Na kabla."

Akaandika kitu. Kilikuwa kifupi sana.

Sasa niseme asilimia 37 ilitoka wapi. Jumapili moja usiku nilikuwa na barua yangu mwenyewe, mistari sita. Mstari wa pili ulisema najua saruji: kuipokea, kuipanga, kuitoa. Nikaiona barua imekaa kama mtu aliyetoka kuoga bila kupaka mafuta. Nikaitia kwenye programu ya akili mnemba, nikaandika neno moja tu: Boresha. Kabla sijashusha simu barua ilikuwa imerudi imevaa suti, na saruji haimo.

Tangu Jumanne silali vizuri, nasoma jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, na nimegeuka yule abiria anayekera kwenye daladala kwa kumweleza jirani asichoulizwa. Lakini sikiliza, ni maajabu. Mtu akikuambia "Haba na haba," mdomo wako unamalizia wenyewe "hujaza kibaba". Hukufikiri. Pengine hata kibaba hujakiona. Mashine hufanya hivyo hivyo, ila kwa kila neno: inatazama yaliyotangulia, inapima yapi yanaweza kufuata na kwa uzito gani, inachagua moja, halafu inaanza upya huku hilo jipya likiwa limo. Kuna hata kipimo wanachokiita joto. Ukikishusha, inachagua neno lililozoeleka kuliko yote. Ukikipandisha, inaropoka kama mshehereshaji aliyeonja kidogo.

Ufundi mkubwa uko kwenye kule kutazama yaliyotangulia, na ulishika usukani kwa makala ya 2017 ya watafiti wanane wa Google, ambayo kichwa chake kinadai kwamba kinachohitajika ni usikivu tu. (Mama yangu amelisema hilo tangu nikiwa darasa la kwanza, na hakuna aliyemnukuu.) Chukua sentensi hii: Mama alimpa mtoto uji kwa sababu alikuwa na njaa. Nani alikuwa na njaa? Sarufi yetu haisemi. Hiyo "a" ya mwanzo wa "alikuwa" ni ya mama na ni ya mtoto. Wewe umeshajua ni mtoto. Mashine nayo hupima kila neno linahusiana kiasi gani na mengine yote, "njaa" na "uji" vinamvuta mtoto, na mambo yanakwenda. Nimekaa na mama huyo na uji wake usiku mzima.

Halafu vipande! Haisomi maneno mazima. Huyakata katika vipande vinavyojirudia sana kwenye maandishi iliyolishwa, na shibe yake kubwa ni Kiingereza. Mpe "hawatatusumbua". Kwetu neno hilo lina maungo yake wazi, ha-wa-ta-tu-sumbu-a. Yeye anaweza kulikata popote, kama mtu anayechinja kuku bila kujua viungo viko wapi. Nyama inalika, sikatai, ila mifupa utaipata mdomoni. Ndiyo hiyo "inakukuta vyema": salamu ya Kiingereza iliyofungwa kanga. Sisi shuleni tuliandika "natumai u mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu", na barua hiyo ilimkuta mtu hata kama ana malaria.

Na shauku je? Baada ya kulishwa, mashine hufunzwa adabu. Watu huonyeshwa majibu wachague linalopendeza zaidi, nayo inajifunza kuegemea kwenye kupendeza. Ukimlea mtu kwa namna hiyo, huku kwetu unapata chawa. Nilipoandika "najua saruji", chawa wangu aliona aibu kwa niaba yangu. Asilimia 37 nayo haikuwa uongo kwa upande wake. Katika barua za namna hiyo, baada ya "nilipunguza upotevu kwa" hufuata namba, ikaweka namba. Mwongo ni yule anayeujua ukweli akauficha. Kwa hiyo mwongo alikuwa mimi, niliyeisoma 37 saa sita usiku nikaona imekaa vizuri, si kubwa ya kutilia shaka, si ndogo ya kudharauliwa.

Haya, nimekiri. Lakini ni nani aliyeanza? Tangazo lao ninalo hapa: "mtu mwenye shauku, anayejituma, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo, uzoefu usiopungua miaka mitatu", mshahara "wa kuvutia" usiotajwa. Nafasi moja, ya stoo. Wangeandika tu kwamba wanatafuta anayejua saruji, ningewapelekea mistari yangu sita. Wameagiza shauku, wameletewa shauku, wanauliza ilianza lini.

Na huo uhalisia wanaoudai, barua ya kazi katika nchi hii ilikuwa nao lini? Kabla ya mashine alikuwepo dada wa steshenari mwenye faili moja kwenye kompyuta yake, BARUA YA KAZI MPYA 2. Alibadilisha jina na tarehe, ukalipa mia tano, na mtaa mzima ukaomba kazi kwa mdomo mmoja: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Sijasikia msailiwa aliyeulizwa yeye anahusikaje na kichwa cha habari. Tumesaini "wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa" miaka nenda rudi, na hakuna aliyetaka kujua tumejenga wapi. Sare ile haikumuudhi mtu kwa sababu ilishonwa na waajiri wenyewe.

Nimetuma barua 41 tangu Januari. Waliojibu ni wanne. Walionyamaza ni 37, na namba hiyo nimeihesabu mwenyewe kwa kidole.

Basi kilichoniuma kuliko kejeli zote ni hiki. Kabla hatujamalizana, mzee alivua miwani. "Saruji mpya imeingia leo," akasema. "Ya mwezi jana bado ipo. Mteja anataka mifuko ishirini. Unatoa ipi?"

"Ya mwezi jana, Mzee." Na hapo nilifunguka. Nikamwambia mpya napanga nyuma ili ya zamani isizibwe. Nikamwambia sakafu ya stoo inavuta unyevu hata kama inaonekana kavu, kwa hiyo mifuko inakaa juu ya mbao na haigusi ukuta. Kwenda juu nisizidishe kumi, maana ya chini hubanwa ikashikana. Masika madirisha yafungwe hata kama joto linakuua. Ikishapita miezi mitatu, nafungua mfuko nauminya unga kwa vidole kabla sijamuuzia mtu: bonge likivunjika lenyewe, sawa, likikataa, hilo ni jiwe, na nyumba ya mtu haijengwi kwa jiwe lililosagwa. Nilikuwa nimesogea mpaka ukingo wa kiti. Mikono ilikuwa hewani inapanga mifuko.

Mzee aliniangalia kwa muda. "Mbona haya hukuyaandika?"

Niliyaandika, Mzee wangu. Yalikuwa kwenye mstari wa pili. Kijana wa pembeni alikuwa ameshafunga kompyuta.

Jana niliiambia mashine isiandike chochote, iniulize maswali tu. Iliuliza matano ya maana, na la sita likawa shauku yangu inatoka wapi. Leo asubuhi barua niliyoiandika kwa mkono wangu nimeipitisha kwenye programu ya kutambua kazi za mashine, ikasema imeandikwa na mashine. Sikulia sana, kwa kuwa OpenAI wenyewe, watengenezaji wa mashine za namna hii, waliiondoa programu yao ya namna hiyo Julai 2023 kwa kukosea mno. Mchana nimetuma nyingine, safi kabisa, bila kiambatisho.

Nimeruka jambo moja. Nilipotoka Jumanne, kwenye benchi la mapokezi alikaa kaka mmoja, shati jeupe bado lina mikunjo ya dukani, bahasha mapajani. "Kaka," akaninong'oneza, "wanauliza nini huko?" Nikamwambia: wanauliza shauku ilianza lini. Hakushangaa. Alitoa simu, akaliandika swali kama nilivyolisema, na mimi, badala ya kwenda zangu, nikainama nione. Jibu lilikuja papo hapo: shauku yangu ilianza utotoni, nilipokuwa nikipanga vizibo vya soda kwa rangi nyuma ya nyumba yetu.

"Wewe uliwahi kupanga vizibo?" akaniuliza.

Nikafikiri. Niliwahi, kweli kabisa. Vyekundu upande wa ukuta, vya kijani karibu na mtungi, na ole wake atakayevisogeza.

"Mimi hapana," akasema, akaanza kukariri.