Daktari Hayupo

Anayesema analijua joto la Dar es Salaam, kwanza alale Mbagala mwezi Februari chini ya bati kuukuu. Saa nne usiku bati bado linalia ta! ta! likijikunja baada ya kujinyoosha kutwa nzima, na pangaboi linazunguka kwa bidii kuligawa joto kwa haki, kila mtu apate fungu lake. Uniti za umeme zinaisha, jasho haliishi.

Nilipotangaza nyumbani kwamba bati letu litapakwa rangi nyeupe, mama watoto aliuliza kama kuna mtu amenipa rangi ya bure.

Hesabu yenyewe si ngumu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua halitupigi ubavuni, linatukalia utosini. Mwezi Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, linapita juu yetu kabisa. Kuta zinajificha kwenye kivuli cha upenu, bati linabaki peke yake na adhabu. Lenye kutu linalinywa jua lote na kuushusha moto vyumbani. Hata jipya linalong'aa lina hila zake: mwanga linaurudisha, lakini joto likishaliingia halitoki kwa wepesi, ndiyo maana mchana huwezi kulishika. Rangi nyeupe inaurudisha mwanga, na kile kidogo ilichokinywa inakiachia upesi kiende zake angani.

Fundi rangi alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni. "Bosi, watu wanapiga maruni, wanapiga kijani. Nyeupe ni ya misikiti na zahanati."

Hapo alikuwa anasema kweli ya mtaa. Siku hizi nyumba haihesabiwi kuwa nyumba mpaka iezekwe bati la rangi nzito, jeusi likipatikana. Jua tumepewa bure mwaka mzima, nasi tumeamua kulipokea tumevaa koti.

Tukapatana, ila kwa sharti lake: aanze na chokaa iliyotiwa chumvi, kwa kuwa ni rahisi na, kwa maneno yake, "ndiyo iliyojenga Unguja." Kweli, Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kule Bermuda mapaa yanapakwa chokaa nyeupe tangu enzi na enzi, huku yakikinga maji ya mvua ya kunywa. Lakini mapaa ya Bermuda ni ya mawe. Chokaa juu ya bati laini haina pa kushika.

Mvua ikaja, wala si ya masika wala si ya vuli. Chokaa yote ikateremka na mchirizi hadi uani, ambako jogoo wa jirani alikuwa amejibanza chini ya upenu. Jogoo yule alikuwa mweusi tangu utoto wake. Jioni mwenyewe akaja kumtafuta, akamwona anapita mbele yake mweupe pe, akakataa katakata.

"Wangu mweusi, shehe. Huyu mmemtoa wapi, na wangu mmemla?"

Kesi ililazimika kungoja alfajiri, jogoo alipowika na jirani akaitambua sauti.

Baada ya hapo fundi akakubali kufanya kazi inayotakiwa: brashi ya waya kung'oa kutu, maji ya kuosha, praima, kisha rangi yenyewe ya mabati, mikono miwili. Bati likawaka weupe mpaka likaonekana kutoka barabarani. Na hapo ndipo balaa lenyewe lilipoanza.

"Hodi! Daktari yupo?"

Mlangoni alisimama mama mwenye mtoto mgongoni na daftari la kliniki mkononi. Nikamwambia hapa ni nyumbani kwa watu. Akalitazama bati, akanitazama mimi, akateremsha madai. "Basi hata nesi?"

Mama watoto akamkaribisha ndani apate maji. Yule mama akakaa kwenye kochi, akanyoosha miguu, akatazama huku na huku. "Mbona kwenu kumepoa? Mmefunga AC?" Hatukuwa nayo. Hakuondoka mpaka mtoto alipoamka, na kwa maoni yangu hakuna kipimo cha joto kinachomshinda mgeni asiyetaka kuondoka.

Wengine walifuata. Madereva wa bodaboda wakapafanya kwetu kituo: "Nishushe bati jeupe." Mjumbe naye akapita kuuliza, kwa upole, kama tumejisajili. Bwana wa ghorofani nyuma yetu akalalamika kwamba mwanga wa bati letu unaingia sebuleni kwake na kuipausha runinga.

Huyu wa mwisho alipata mtetezi: kunguru. Ndege hawa wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na wajukuu wao wote, nadhani, wanalala kwenye mwembe wetu. Rangi nyeupe ya kawaida ikiwa mpya hurudisha asilimia 80 hivi ya mwanga wa jua. Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza rangi inayorudisha asilimia 98.1. Purdue hakuna kunguru wetu. Kinyesi chao na vumbi la kiangazi vinaula weupe huo taratibu, na bwana wa ghorofani anafurahi. Kwa hiyo bati linasuguliwa kwa sabuni na brashi, na yeye ananuna upya.

Nyumba haijawa friji. Mvuke wa bahari uko palepale, na shati bado linaganda mgongoni. Ila saa nane mchana watoto wanalala ndani, na pangaboi sasa linapuliza upepo badala ya moto. Wewe ambaye hujanunua bati bado, chukua jeupe tangu dukani, uweke na dari yenye matundu ya hewa. Fundi akikuambia nyeupe ni ya misikiti, muulize kwa nini baada ya adhuhuri wanaume wa mtaa mzima wanalala hukohuko.