Injini Yanguruma, Gari Linawaza

Mzee mmoja wa Sinza, mhasibu mstaafu, ana gari dogo la Kijapani la mwaka 1999, la gia za otomatiki. Kwenye tambarare halina neno. Kasheshe huanza akiukabili mlima wa Chuo Kikuu: anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unaruka kutoka 2,500 hadi 4,000, na gari lenyewe linasogea kwa hiari yake. Siku moja bajaji iliyopakia magunia ya mkaa ilimpita kwenye mlima huo. Dereva wake, kijana mwenye adabu, alipunguza mwendo kusudi amwamkie: "Shikamoo, mzee!"

Habari zilipoenea, mtaa mzima ukageuka gereji. Jirani alisema ni plagi. Plagi zikabadilishwa, injini ikazidi kunguruma kwa afya njema, gari likabaki na msimamo wake. Mwingine akalaumu petroli yenye maji. Shemeji mtu akashauri kwamba likigoma, arudishe N, apige bismillahi, kisha aweke D.

Fundi wa chini ya mwembe alisikiliza boneti kwa muda, akajifuta mikono, akatoa hukumu: "Gia boksi imekufa hii, mzee wangu. Tutafute nyingine ya mtumba." Hukumu hiyo hutolewa upesi mno kwenye gereji zetu, mara nyingi kabla mtu hajachomoa stiki ya kupimia oili.

Na hapo ndipo pa kuanzia. Gari la otomatiki halina pedali ya klachi. Kazi hiyo hufanywa na pleti zilizopangwa ndani ya gia boksi, zinazobanwa kwa nguvu ya oili inayosukumwa na pampu. Oili ikipungua, pampu hunyonya hewa, nguvu inashuka, pleti hazishikani barabara. Zinateleza, zinapata moto, zinaungua, na zikishaungua huteleza zaidi. Kwenye mlima mzigo huongezeka, na oili kidogo iliyobaki hukimbilia upande mmoja wa sampo.

Aliyeuliza maswali ya maana alikuwa fundi binti wa Ilala. "Baba, linateleza likiwa la baridi au la moto? Gia zote au moja? Rivasi je?" Mzee, aliyejibu maswali ya wakaguzi wa hesabu maisha yake yote, alikiri kwamba hajui. Binti akaliendesha mpaka likapata moto, akaliegesha pa tambarare, akapitisha gia zote kuanzia P hadi L na kurudi, akaacha injini ikiwaka, ndipo akachomoa stiki na kuifuta kwa kitambaa cheupe. (Si magari yote hupimwa hivyo: ya Honda hupimwa injini ikishazimwa, na mengi mapya hayana stiki kabisa.)

Oili ambayo ingepaswa kuwa nyekundu ilikuwa ya kahawia, chini ya alama, ikinuka ukoko ulioungua. Ingekuwa ya waridi kama yenye maziwa, maana yake maji ya rejeta yamepenya, kwa kuwa kwenye magari mengi oili hiyo hupozwa humo humo ndani ya rejeta. Taa ya O/D OFF nayo haikuwa inamemeta. Ingememeta, angeanza na umeme. Mvunguni akakuta mpira wa oili unatoa jasho.

Mzee akauliza kama oili ya injini iliyobaki nyumbani haitafaa. Binti alimtazama tu. Oili ya gia boksi ina viungo vyake, na historia yake ni ya ajabu: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani walitia humo mafuta ya nyangumi ili pleti zikamate kwa ulaini. Sheria ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini iliwalazimu watengenezaji kutafuta kitu kingine.

Mpira ulibadilishwa, ikawekwa oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Gia ya kwanza na ya pili zikatii. Ya tatu ikaendelea na uhuni wake, kwani pleti zilizoungua haziponi kwa kunyweshwa. Sampo ilipofunguliwa, sumaku yake ilikuwa na tope jeusi zito, lakini hapakuwa na vipande vya chuma. Kwa hiyo binti alishauri kubadilisha pleti na sili, si boksi zima.

Kama ilivyo desturi, mzee alikabidhiwa spea za zamani kwenye mfuko ili asije akadhani amepigwa. Pleti nyeusi zilitupwa kwa harufu yake. Zile za chuma, bapa na laini, mkewe alizikagua, akazisugua kwa steelwire, na sasa zinawekewa sufuria za moto mezani. "Angalau hizi," alimwambia, "zimekaa pale zilipowekwa."