Pointi za Nyarugusu

Kwetu Shinyanga mimi ni bingwa wa kila kitu kilichopita kwenye simu yangu. Safari hiyo nilikuwa nimejifunza shiatsu, ukandaji wa Kijapani. Jina lenyewe maana yake ni mbonyezo wa kidole. Kazi ni ya zamu: gumba la kushoto likibonyeza, la kulia linapumzika, kisha yanapokezana. Unaegemea polepole anayekandwa anapotoa pumzi, unahesabu hadi tano, unaachia. Uti wa mgongo hauguswi; unafuata misuli iliyo kando yake, kushuka hadi kiunoni.

Nikaenda Nyarugusu, Geita, kumsalimia baba mdogo. Nikamkuta amejikunja kama ndoano. Miaka ya kuinama duarani, shimoni mwa dhahabu, ilikuwa imemdai kiuno.

"Shikamoo baba. Hebu lala kifudifudi nikutafutie pointi."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nyarugusu pointi ni dhahabu: kumi zinatimiza gramu moja. Jirani alilipata neno hilo kupitia ukuta wa bati, na kabla baba mdogo hajaanza kukoroma, uani palikuwa na wanaume saba, wawili wana sururu.

"Mganga kaona pointi ngapi?"

Nikaeleza kwamba pointi zangu ni za mwili: zinalegeza misuli na kuleta usingizi. Sura zikaanguka, ila hakuna aliyeondoka. Wakapanga foleni.

Wa kwanza alikuwa na mtekenyo, akacheka mpaka akabiringika nje ya mkeka. Wa pili nilimbonyeza kigimbi, kikakaza. Teke lake likaangusha sufuria ya uji. Wa tatu alikuwa na mguu uliovimba. Huyo nikamwelekeza zahanati, maana penye uvimbe hapabonyezwi. Waliobaki migongo yao ilikuwa mwamba mtupu. Magumba yakagoma, nikahamia kwenye viwiko.

Wa mwisho alisimama wima, akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja," akanilipa mfuko wa mawe. Mawe ya dhahabu! Usiku huo nilijenga nyumba mbili kichwani.

Kesho yake nikalipia bodaboda, nikalipia karasha la kusaga mawe, nikamlipia muoshaji. Beseni likazungushwa, likazungushwa tena. Pointi: sifuri. Deni: elfu kumi na tano.

Nikarudi hata kikombe cha chai siwezi kukishika. Mama mdogo, ambaye ameponda mawe kwa nyundo tangu sijazaliwa, akautazama mkono wangu.

"Umewapa zamu watu saba. Magumba yako umeyapa zamu lini?"

"Si nilikuwa nabadilisha, kushoto na kulia?"

"Ulikuwa unabadilisha gumba lililochoka kwa gumba lililochoka. Mimi nikisikia nyundo imekuwa nzito, naiweka chini."

Akaushika mkono, akatafuta pale kati ya gumba na kidole cha shahada, akabonyeza. Nilipiga ukelele uliowaamsha kuku.

Upande wa pili wa ukuta wa bati, jirani akauliza kwa sauti ya chini:

"Imepatikana?"